Siku moja maishani mwangu: mimi ndo yule dada wa vitenge anayedai watu Makambako

Wengi hapa mjini wananijua kama dada wa vitenge. Nakopesha, nadai, na sina aibu ya kugonga mlango wa mtu saa mbili asubuhi. Vitenge nauza kweli, lakini siku za kazi ukiniona nakata mitaa na ule mfuko wangu wa bluu ujue mara nyingi sifuati hela, nafuata mtu aliyeacha dawa. Mi ni mwaviu mshauri, yaani naishi na VVU mwenyewe na kazi yangu kituoni ni kuongea na wenzangu na kuwatafuta wanapopotea. Leo nawapitisha kwenye siku moja ya mwezi huu wa sita. Watu nitakaowataja nimewabadilisha badilisha vya kutosha, kwahiyo usijisumbue kubahatisha ni nani.

SAA 11 ALFAJIRI

Baridi ya Makambako mwezi wa sita haina adabu, ukifungua mlango inakuingia mpaka kwenye fizi. Nawasha jiko nje, nabandika uji wa watoto, wakati unachemka nachukua daftari langu. Ni daftari la kawaida la mistari, kwenye kurasa unakuta "doti 1 maua ya njano, yule wa mbao" au "vipande 2, bibi wa viazi, hajalipa toka mwezi wa nne". Mwingine akiliokota ataona madeni tu. Jina halisi la mtu na namba yake ya CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, havitoki kituoni, vinabaki kwenye faili, na hata tungetaka kuwa wazembe sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kutoa siri ya hali ya mtu.

Zamani tulipewa vikoti vyenye nembo. Jamani. Ukiingia nyumba ya mtu na kikoti kile majirani wameshamaliza kesi kabla hujakaa kwenye kigoda. Mi yangu nikaifungia kabatini, vitenge vikawa ndo sare.

Mume wangu anaamka, anaenda zake kwenye bajaji. Yeye hana maambukizi, na wanetu wawili hawana, mi ninayo. Watu wakisikia hivi wananiangalia kama nimewadanganya, ila ndo hesabu ya dawa ilivyo, ukimeza vizuri mpaka virusi vikafubaa vikawa havionekani kwenye kipimo basi humuambukizi mwenzio kwa kujamiiana. Sio maneno ya kufarijiana hayo, yamepimwa kwa maelfu ya wenza ambao mmoja anayo na mwingine hana.

SAA 1 ASUBUHI

Nafika kituoni mabenchi yameshajaa nusu. Ukitaka kujua unyanyapaa upo au umeisha usiulize watu, uliza nauli walizolipa. Kuna mtu ametoka Mafinga, mwingine Ilembula, kuna mama katoka njia ya Songea huko ameondoka usiku, na wote kwao kuna kliniki inayotoa dawa hizi hizi, bure hivi hivi. Wamepita kituo cha kwao wakaja huku ambako hakuna shangazi wala jirani wala mtu wa kwaya. Makambako ni njiapanda, ya Mbeya na Tunduma huku, ya Njombe na Songea kule, ya Iringa na Dar nyuma, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Mgeni hashangazi mtu, ndo maana wanapapenda. Shida inakuja siku nauli ikikosekana, maana mtu huyo hawezi kwenda kwa miguu kituo cha karibu, ameshajiapiza hatakanyaga pale. Mwezi wa kwanza anaruka, wa pili anaona aibu kurudi kwasababu atafokewa, wa tatu jina lake linafika kwangu.

Natoa somo la asubuhi. Leo baba mmoja wa kofia ya sufi akauliza, "Dada, kipimo changu kimeandika havionekani, si ndo nimepona?" Hili swali nalipenda na naliogopa. Nikamwambia hapana baba, virusi vimejificha ndani ya chembe za mwili vimelala, dawa ndo imekalia mlango, ukiiacha wiki chache tu vinaamka vinaanza kuzaliana upya. Mama mmoja mzee nyuma akadakia "Loliondo!" na benchi zima likacheka, ila waliocheka ni wale wa zamani tu. Vijana hawajui. 2011 nchi nzima ilihamia Samunge huko Loliondo kwa Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita. Na huku kwetu watu walichanga nauli, wakanywa, wakarudi wameshatupa vidonge vyao njiani. Siku hizi kikombe hakipo ila yapo maji ya upako, zipo mboga fulani, zipo klipu za WhatsApp. Mi simkatazi mtu kuombewa, namwambia omba na umeze, Mungu hana wivu na kidonge.

Baada ya hapo akaitwa binti mwenye mtoto mchanga, majibu ya kipimo cha wiki sita yamerudi, mtoto hana. Bila dawa mama anaweza kumuambukiza mtoto kwenye ujauzito, kujifungua au kunyonyesha kwa kiwango cha asilimia 15 mpaka 45, kwa dawa inashuka chini ya 5. Binti hakupiga vigelegele wala nini, aliuliza tu, "Kwahiyo niendelee kumnyonyesha?" Ndio, maziwa yako matupu mpaka miezi sita na wewe usiruke dozi, na mtoto atapimwa tena mpaka aache ziwa. Akamfunga mgongoni akaondoka, alikuwa anawahi kupanga nyanya.

SAA 3

Naenda kwa kijana wa data kuchukua orodha. Ukipitisha tarehe yako unaanza kupigiwa, zikifika siku 28 mfumo unakuhesabu umepotea. Kupiga simu ndo nusu ya kazi na ndo nusu inayochosha, maana mtu kabadili laini, mwingine aliandikisha namba ya bosi wake wa zamani, mwingine inapokea sauti ya mwanaume "wewe nani unamtafuta mke wangu?" Hapo ndo vitenge vinaponiokoa. "Shemeji shikamoo, mi yule wa vitenge, mwambie nina mzigo mpya." Mwanamke mwenyewe atajua.

Na hapa niseme kitu kinachonikera sana. Wanawake wengi wanajua hali zao kwa sababu ya ujauzito, kliniki ya wajawazito inapima, basi mwanamke ndo anakuwa wa kwanza kujua na kwenye nyumba nyingi wa kwanza kujua ndo anageuzwa aliyeleta. "Mbona mimi siumwi?" Mwanaume hajapima, hataki kupima, anapima kwa kutumia mkewe. Ndo maana kwenye daftari langu kuna kinamama wanaoficha dawa kwenye debe la unga, na anayeficha dawa lazima kuna siku ataruka, mgeni kalala jikoni, mawifi wamekuja, dozi imepita.

Timu yetu ilikuwa kubwa kuliko ilivyo. Mwanzoni mwa 2025 hela za wafadhili ziliposimama wengine waliambiwa wasije kesho, hivyo tu, na wale wateja wao wakagawanywa kwa tuliobaki. Dawa hazikukatika kwetu, nashukuru, ila dawa kwenye kabati haimfuati mtu msituni.

SAA 4 NA NUSU

Boda mpaka njia ya Njombe, halafu tunaacha lami tunaingia kwenye misitu ya misonobari. Namtafuta "doti 1 maua ya njano", kijana wa kwenye mbao, ameanza dawa mwaka jana akachukua miezi michache akapotea. Simu haipatikani. Dereva wangu wa boda anajua kazi yangu na hajawahi kuuliza tunamfuata nani, namlipa vizuri kwa ajili ya hiyo.

Tunaisikia mashine kabla hatujaiona, zile dingdong zinazokata magogo huko huko shambani. Vijana wamejaa vumbi la mbao mpaka kope. Nikafungua mfuko nikaanza kweli kuuza, maana ukifika kambini ukamwita mtu mmoja pembeni umemmaliza. Wawili walinunua vya kutuma kwao kwa mama zao, mwingine akataka kunikopa nikakataa kwa kelele ili wote wasikie mi ni mkali. Halafu nikasema, "Na wewe wa kofia nyekundu, hela yangu ya mwezi wa tatu iko wapi?" Wakacheka, kofia nyekundu akanifuata nyuma ya rundo la mabanzi.

Hakuwa amekataa dawa. Alinionyesha banda wanakolala, limejengwa kwa mabanzi, wanajipanga vijana wanane kwenye sakafu moja, hakuna kona, hakuna begi la kufunga. Chupa ya dawa ukiitikisa inalia. Mtu akigeuka na shuka tu, chakacha chakacha, kambi nzima inajua hiyo sauti na mitaani wameshaipa jina, "fulani anakula njugu". Usiku mmoja wakaanza utani wakihisi kuna mtu mwenye njugu humu, hawakujua nani, na kesho yake akaizika chupa. Kaizika kweli, chini ya mti, alinionyesha na mti wenyewe.

Nikatoa pamba kwenye mkoba. Nina chupa tupu ya mfano, nikamuonyesha, unamimina vidonge kiganjani, unaweka pamba chini, vidonge, pamba nyingine juu unakandamiza, ukitikisa kimya. Kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu usikitupe, kinabaki humo humo. Usihamishie vidonge kwenye karatasi wala mfuko wa nailoni, unyevu wa huku msituni utaviharibu. Stika unaibandua kwa kucha ukiiloweka kidogo na maji ya moto. Alikaa na ile chupa tupu mkononi akaitikisa, akaitikisa tena karibu na sikio. "Kumbe."

Tulikubaliana aje kesho kutwa, atamwambia bosi anaenda kutuma hela kwao. Ataanza tena na dawa za mwezi, kipimo cha wingi wa virusi kikiwa kizuri atapewa za miezi mitatu, baadaye sita. Ya miezi sita kwa mtu wa msituni ni ukombozi, mara mbili tu kwa mwaka anaonekana kliniki. Aliniuliza kuhusu mpenzi wake aliyeko Mafinga. Nikampa kipimo cha kujipima, kile cha kupitisha kwenye fizi, unasubiri dakika 20, mistari miwili ikitokea uende kituoni wakuthibitishe kwa damu. Toka 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na mwaka huo huo umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashushwa toka 18 mpaka 15. Kwa vijana wa huku ni mambo makubwa hayo.

Tukiwa njiani kurudi nilikuwa nawaza lile swali watu wa mikoa mingine wanalotuulizaga kwa dharau, "nyie Njombe mna nini?" Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta mkoa wetu wa Njombe wenye VVU ni asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea, nchi nzima ni 4.4. Iringa wako 11.1, Mbeya 9.6. Halafu mtu anakaa huko alipo anaandika Wabena wana tamaa. Angekuja alale kwenye lile banda. Huku hela inakuja kwa msimu, mbao, chai, viazi, parachichi, na inafuata vijana walioacha familia mbali, barabara kuu ya malori inatupitia katikati, na kwa miaka mingi tohara haikuwa mila ya makabila mengi ya Nyanda za Juu Kusini wakati mwanaume asiyetahiriwa anaambukizwa kirahisi zaidi, tohara inapunguza hatari yake kwa karibu asilimia 60. Kampeni za tohara zilianza huku kwenye 2010 na wazee watu wazima walipanga foleni na wajukuu zao, nilishuhudia. Halafu kuna hili watu hawalifikirii kabisa, idadi ya wanaoishi nayo inakuwa kubwa pia kwasababu hawafi. Mi nahesabiwa kwenye hiyo asilimia. Ningekufa ingeshuka.

SAA 7 MCHANA

Ugali maharage kwa mama ntilie wa upande wa mizani, malori yamejipanga. Huyu mama ni hazina, anaweka boksi la kondomu chini ya meza na vipimo vya kujipima kwenye ndoo ya vijiko, madereva wanajihudumia wenyewe bila kuongea na mtu. Tandiboi mmoja akanivuta pembeni hana raha, juzi usiku kondomu ilipasuka. Juzi usiku saa ngapi? Tukahesabu pamoja kwa vidole, bado yuko ndani ya saa 72. Nikamwambia usimalize hata huo ugali, panda boda nenda kituoni waambie unataka PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, siku 28 kila siku, na kila saa inayopita inakupunguzia nafasi. Alitaka amalize kwanza kupakia. Mama ntilie akamnyang'anya sahani. Akaenda.

Binti mmoja wa gesti ya pale jirani akaulizia ile sindano ya mara mbili kwa mwaka aliyoiona TikTok. Ipo, inaitwa lenacapavir, Marekani waliiidhinisha kwa kinga Juni 2025, na ni ya mtu ambaye bado hana maambukizi. Kwetu kituoni sijaiona, nilichonacho ni PrEP, yaani kinga ya kumeza kabla, ya vidonge. Akasema vidonge mteja akivikuta anajua unayo. Ndo yale yale ya chupa, umeona? Hata anayejikinga anajificha kama mgonjwa.

SAA 9 ALASIRI

Hii ndo sehemu ya siku niliyokuwa nimeiwaza usiku kucha. Bibi wa viazi. Nimeenda na sista wa kliniki ya watoto, maana mazungumzo ya aina hii hayafanywi na mtu mmoja.

"Kamwene bibi, shikamoo."

"Marahaba, kamwene." Anatupa viti, anatuletea viazi vya kuchemsha na chumvi pembeni, hutakula utamuudhi.

Bibi alizika watoto wake wawili kabla dawa za bure hazijaanza 2004, na wa tatu baadaye, huyo wa tatu ndo mama wa mjukuu wake. Kijana yuko kidato cha pili, bweni, amerudi likizo. Amezaliwa nayo. Toka mdogo ameambiwa anameza dawa za kifua. Inatakiwa mtoto aelezwe kidogo kidogo kadiri anavyokua, akifika miaka 10 hadi 12 awe anajua kwa jina, lakini bibi kila mwaka alisema mwakani. Simlaumu, ukishaona wanao wanaondoka mmoja mmoja hilo neno halitoki mdomoni kirahisi. Sasa kijana kaenda bweni, akaona kifua hakimsumbui, akaacha. Kwa akili yake amepona, na nani angemlaumu, hata mi ningeacha dawa ya kifua kisichouma. Kipimo chake cha mwisho virusi vimepanda vibaya.

Sista akaanza taratibu, anajua kazi yake, akamuuliza anaelewa nini kuhusu dawa zake, halafu akamweleza, akataja kwa jina. Kijana alikuwa anamenya kiazi. Aliendelea kukimenya mpaka kikaisha ganda, akakiweka kwenye sahani hakukila. Swali lake la kwanza halikuwa lile nililojiandaa nalo.

"Na bibi anayo?"

Hapana, bibi hana.

Akapumua. Halafu, "Mama alikufa na hii?"

Bibi akajibu mwenyewe kwa Kibena, mi ni mtu wa Songea niliokota maneno mawili matatu tu, jina la mama yake na neno dawa. Waliongea wao wawili kwa muda, kijana sauti ikapanda, akasema kwa Kiswahili sasa, "Mlinidanganya miaka yote," na bibi hakubisha. Mi na sista tulinyamaza, kuna mahali mtaalamu anatakiwa kula kiazi chake akae kimya.

Aliporudi kwetu akawa na maswali ya shule na nikajua hapo tumempata. Nani atajua? Hakuna, labda matroni mkiamua wenyewe na bibi. Dawa anaweka wapi, kwenye tranka? Tranka zinavunjwa, wakati wa msako walimu wanamwaga kila kitu kitandani. Muda wake ulikuwa saa tatu usiku, ndo wako prepo darasani, ndo maana hata kabla ya kuamua amepona alikuwa anaruka. Sista akamwambia hii TLD, kidonge chako cha VVU, huhitaji usiku, unaweza kumeza alfajiri kabla ya mchakamchaka na maji tu, ilimradi kila siku muda ule ule. Akafikiria, akasema alfajiri matroni anagawaga dawa za wenye pumu, anaweza kupanga mstari ule. Nikamuuliza unaridhia matroni ajue? "Yule ananyamazaga." Basi.

Tukiwa tunaaga akanifuata mpaka kwenye seng'enge za uzio, akauliza wewe nae unayo, nikasema ndio. Una watoto? Wawili. Wanayo? Hawana. Akatikisa kichwa kama mtu anayekagua hesabu ya mwenzake, akarudi ndani.

Jumamosi kuna klabu ya vijana kituoni, alisema labda.

SAA 11 JIONI

Nimerudi kituoni kujaza rejista, watu wamepungua. Yule tandiboi alikuja, alipimwa, akapewa dawa, kijana wa data kanionyesha kwa kidole tu. Wengine wawili niliowapigia asubuhi wameahidi Jumatatu, ahadi ya Jumatatu naijua, nimewaandika kwa penseli.

Nilimkuta na msimamizi wetu anapitia zile namba za kitaifa za 95 tatu, yaani lengo la asilimia 95 wajue hali zao, 95 ya hao wawe kwenye dawa, na 95 ya hao wafubaze virusi. Kwenye ule utafiti wa 2022-2023, kati ya watu wazima wenye VVU wanaojua hali zao walikuwa asilimia 82.7, katika hao wanaotumia dawa 97.9, na katika hao waliofubaza virusi 94.3. Ukiziangalia haraka unasema tumeshinda. Ila ile ya kwanza inamaanisha karibu mtu mmoja kati ya sita wenye virusi hajui kama anavyo, na humo wamo wale wanaume wanaopima kwa kutumia wake zao. Na hizo nyingine mbili ni picha ya siku moja, mtu akihesabiwa leo yuko kwenye dawa mwezi ujao anaweza kuwa ameizika chini ya mti.

SAA 1 USIKU

Nyumbani. Ugali, mboga za chainizi, madaftari ya watoto, mdogo anataka hela ya muhtasari wa likizo. Kuna mteja wa kitenge wa kweli kabisa alikuja kulipa nikashtuka kidogo, sikuwa namtegemea.

Mi niko kwenye dawa toka enzi zile unasubiri mpaka CD4, zile chembe za kinga, zishuke chini ya 200 ndo unaanzishwa, vidonge vya asubuhi na jioni, na ile dawa ya d4T iliyotula mashavu na mapaja ikatuachia tumbo. Tulikuwa tunajuana sokoni kwa sura. Toka Oktoba 2016 ukikutwa nayo unaanzishwa papo hapo bila kusubiri CD4, na sasa kidonge ni kimoja ukinitazama huwezi kujua. Vijana hawajui walivyonusurika na ile d4T.

SAA 3 NA ROBO USIKU

Simu inaita, namba ya dereva wa lori ninayemfahamu, mteja wetu wa muda mrefu, hajawahi kukosa tarehe. Yuko Tunduma, foleni ya kuvuka kwenda Zambia na mbele Congo, wamembadilishia lori huko Mbeya na begi lake limebaki kwenye lori la kwanza. Mfukoni ana vidonge vitatu. Safari yenyewe anasema wiki tatu kama mpaka hautasumbua. Alikuwa ameshapiga hesabu ya kumeza siku moja aruke mbili ili vifike, nikamwambia hapana, hiyo ni njia ya kuvifundisha virusi kuzoea dawa, bora umeze kimoja kila siku mpaka vitatu viishe na tutafute vingine.

Kadi unayo? Iko kwenye begi. Ila alishaipiga picha kwenye simu, niliwaambia wote wa barabarani wafanye hivyo. Basi kesho nenda kliniki ya hapo hapo Tunduma, uonyeshe picha ya kadi na namba yako ya CTC, sema uko safarini, watawasiliana na kituo chetu na watakupa za kukutosha mpaka urudi. Usivuke bila hizo. Wakikuzungusha nipigie nikiwa kituoni niongee nao, data yako ipo.

"Wakiniuliza kwanini sikwenda kwetu?"

Hawatauliza, na wakiuliza waambie foleni ya malori iko wapi na wewe uko wapi.

Akacheka kidogo. Akasema atakuwa mlangoni saa moja asubuhi, lori ataliacha kwa tandiboi, foleni yenyewe haiendi popote. Nimeweka alamu ya saa nne, kama atakuwa hajanitafuta ntampigia mimi.